Kasuku wa Mama Mkwe

Fulgensi alipoanza kazi ya kuchanja kuku, watu wa Ifakara walimcheka. Mwanamume mzima, tena mpasua mbao aliyezoea kulala milimani, sasa anazunguka na baiskeli akitafuta kuku wa wanawake! Yeye aliendelea na safari zake. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mabega yameinama mbele kidogo kama ya mtu aliyezoea kuingia milango mifupi, na sababu zake alikuwa nazo. Alipokuwa kijana huko Kisawasawa, kideri, ugonjwa unaomaliza kuku, kilipita kwao. Mama yake alikuwa na kuku thelathini na kitu, na kuku hao ndio waliokuwa chumvi ya nyumba, ndio nguo ya Krismasi, ndio heshima mgeni akibisha hodi. Asubuhi moja walianza kukoroma na kupinda shingo. Wiki haikwisha, mama yake akawa ameketi uani na ufagio mkononi, hana cha kufagia ila manyoya. Fulgensi hakumsahau mama yake alivyokaa siku ile. Basi mwaka wa hamsini na tano, Idara ya Mifugo ilipotafuta watu wa kufundishwa kuchanja, aliuacha msumeno akaenda.

Mafunzo yalichukua wiki sita. Alirudi na kaptula ya kaki, kofia, sanduku la bati lenye sindano mbili na chupa ya spiriti, na themosi kubwa ya kutunzia dawa isipate joto. Dawa ilikuja kwa basi ikiwa imezungushiwa barafu. Ikishachanganywa na maji ilipaswa itumike siku hiyohiyo, itakayobaki imwagwe. Hayo Fulgensi aliyajua kama alivyoijua Baba Yetu. Aliyajua na makatazo pia, kwa maana mkubwa wake, Bwana Nikodemu, aliyasoma kwa sauti kila walipokutana: kuku wazima tu, waliokua, kuku mgonjwa usimguse, kifaranga usimguse. Habari za ndege wengine hazikutajwa, na Fulgensi hakuuliza.

Mke wake, Rosa, alikuwa mtoto wa pekee wa Theodosia, mjane wa Kipogoro aliyeshuka na mumewe kutoka upande wa Mahenge miaka mingi nyuma, akazeekea Lipangalala, si mbali na mto Lumemo. Theodosia hakumchukia mkwe wake, ila alikuwa ametarajia mwingine. Alitaka Rosa aolewe na karani, mtu wa kukaa kwenye kiti na kuandika, na alipoletewa mpasua mbao alikubali kwa shingo upande. Mwaka huohuo Rosa alipoondoka nyumbani, mama yake alikwenda kuokota kuni akakuta mti umeangushwa na upepo, na ndani ya tundu la shina lake kulikuwa na kinda la kasuku, halina manyoya, macho yamefumba. Akalibeba ndani ya upindo wa kanga yake. Akalitafunia karanga, akalilisha mdomo kwa mdomo kama mtoto. Lilipokua likawa kasuku wa kijani mwenye kichwa cha kahawia, akamwita Karani.

"Nimepata wangu sasa," aliwaambia majirani, na maneno hayo yalimfikia Fulgensi kabla jua halijatua.

Karani alikuwa na maneno. Alibisha hodi mwenyewe na kujikaribisha mwenyewe. Aliita "Rosa! Rosa weee!" kwa sauti ileile ya Theodosia, hata Rosa akija kumsalimu mama yake hakujua aitike ipi. Lakini zaidi ya wote alimwiga Natalia, jirani wa ua wa pili. Natalia alikuwa na sauti kali, na kila chakula kilipoiva alimwita mwanawe, "Teofili! Njoo ule!" Karani akaidaka. Ikawa mtoto akiwa anachunga mbuzi kule ng'ambo ya mashamba anasikia wito, anaacha mbuzi, anakimbia nyumbani, anakuta mama yake bado anapepeta mchele. Mbuzi nao wanaingia katika mpunga wa watu. Siku moja Natalia alisema kisimani, mbele ya wanawake wenzake, "Huyu ndege nitakuja kumtilia kitu, nipumzike!" Wakacheka wote, na Theodosia alikuwamo, akacheka naye.

Mwaka wa hamsini na saba, mpunga ukianza kugeuka rangi, habari zilikuja kwamba kideri kimeonekana njia ya Kidatu na kinashuka. Jumbe akapiga mbiu: kila mwenye kuku awalete uwanjani siku ya Alhamisi. Wakaja watu wengi kuliko Fulgensi alivyowahi kuwaona, wanawake wenye kuku kwapani, wazee wenye matenga, watoto wenye majogoo waliofungwa miguu kwa kamba za migomba. Fulgensi alianza asubuhi. Alikamata bawa, akachoma, akaachia, akakamata lingine, na watu walimtazama kwa namna ambayo hajawahi kutazamwa.

Theodosia alifika karibu na mwisho, na kuku wake kumi na mmoja. Karani alikuwa begani kwake.

Hapo inafaa ieleweke jinsi watu hawa walivyokuwa wakiishi. Kwa desturi yao, mtu na mama mkwe wake hawakukaribiana. Walisalimiana kwa mbali, mwanamume akiwa ameinamisha uso. Hakula mbele yake, hakukalia kigoda chake, na neno zito kati yao lilipita kwa Rosa. Kukutana namna ile, ana kwa ana mbele ya kadamnasi, kuliwataabisha wote wawili.

"Shikamoo, mama," alisema Fulgensi akitazama chini.

"Marahaba, mkwe."

Akawachanja wale kuku kumi na mmoja bila neno. Alipomaliza, alimwona bado amesimama.

"Na Karani?"

"Mama, dawa hii ni ya kuku."

"Kwani Karani hana mabawa? Kideri kikija kitamuuliza jina?"

Watu wakaangua kicheko. Kasmiri, muuza kambale, aliyekuwa nyuma na jogoo wake, akapaza sauti: "Bwana Fulgensi, dawa ya serikali nayo unambania mkweo?"

Fulgensi aliiangalia chupa. Dawa kidogo ilikuwa imebaki chini, na baada ya Kasmiri na mwingine mmoja ingekuwa ya kumwagwa. Akamwangalia kasuku. Akajaribu kukumbuka kama Bwana Nikodemu aliwahi kusema lolote, hakukumbuka. Neno lililohitajika pale lilikuwa moja tu: sijui. Lakini alikuwa amevaa kofia, macho ya watu wote yalikuwa juu yake, na mbele yake alisimama mwanamke aliyetaka karani. Akajisemea moyoni kwamba ndege mdogo apewe kidogo. Akavuta nusu ya kipimo cha kuku, akamchoma Karani kwenye msuli wa kifua. Karani akamng'ata kidole mpaka damu ikatoka, akapiga kelele, "Rosa weee!" Uwanja mzima ukacheka tena, na hata Theodosia akatabasamu.

Siku tano zilipita salama. Siku ya sita Karani hakubisha hodi asubuhi. Theodosia alidhani ana usingizi. Siku ya saba alimkuta chini, chini ya kijiti alicholalia miaka yote, akijaribu kupanda kwa mdomo, miguu ikiburuzika nyuma kama haikuwa yake.

Rosa alileta habari nyumbani. "Nenda ukamtazame," alimwambia mumewe. "Mama hali wala hanywi."

Fulgensi alikwenda. Karani alikuwa amelazwa ndani ya ungo uliotandikwa kipande cha kanga kuukuu. Miguu ilikuwa imenyooka, vidole vimejikunja, na kichwa kilikuwa kinatetemeka, kikigeuka taratibu upande mmoja, kikirudi, kikigeuka tena. Fulgensi alichuchumaa akatazama. Shingo ile aliijua. Ndivyo walivyopinda kuku wa mama yake kule Kisawasawa.

"Ni nini, mkwe?" aliuliza Theodosia akiwa mlangoni.

Angeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa machache, na nyumba haikuwa na mtu mwingine. Lakini alisema, "Mpe maji kidogokidogo, mama. Na uji mwepesi wa mchele. Nitakuja kesho."

"Kuna mtu amemtilia kitu," alisema Theodosia. Wala hakumtaja mtu. Aligeuza macho tu, akautazama ua wa pili.

Tangu siku hiyo Fulgensi alikwenda kila asubuhi kabla ya kazi. Alijifunza kumfungua Karani mdomo kwa ncha ya kidole na kumdondoshea uji kwa unyoya. Alimgeuza ubavu asipate vidonda, akamfuta uchafu, akamkinga na nzi. Na Theodosia alikuwa anaona. Siku ya tatu alimtolea kigoda. Siku ya nne, Rosa akiwapo, alisema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe nilipata mkwe mwenye mikono mizuri." Mwaka wa saba tangu harusi, ndiyo mara ya kwanza kumsifu. Rosa alitabasamu akamwangalia mumewe, akashangaa kuona uso wake umekunjamana kama mtu aliyemeza shubiri.

Ilikuwa wiki ya kuvuna. Wanawake wa mtaa ule walivuna kwa ujima, leo shamba la huyu, kesho la yule, mistari mirefu ya visu na nyimbo. Zamu ya Natalia ilipofika, walitokea wawili tu. Mmoja alisema anaumwa kiuno, akaondoka kabla ya saa nne. Neno la kisimani lilikuwa limekwisha kuzunguka mtaa. Natalia alivuna peke yake na Teofili siku tatu, na mpunga uliokwisha kuiva sana ukapukutika matopeni. Jumapili, watu wakitoka misa, Theodosia alimsimamisha nje ya kanisa.

"Natalia, mimi na wewe tumechota maji kisima kimoja miaka kumi na mitano. Ungeniambia nimfungie. Ningemfungia."

"Mama Rosa, mimi sijamgusa ndege wako."

"Ulisema kisimani."

"Nilisema! Nani hasemi? Hata wewe ulicheka!"

Theodosia alijitanda kanga. Aliondoka, na wanawake wengine wakaondoka nyuma yake. Fulgensi alikuwa amesimama hatua kumi hivi, ameshika baiskeli, na alisikia kila neno.

Kesho yake alipanda baiskeli kwenda kwa Bwana Nikodemu. Alimkuta mezani, miwani puani, akijaza karatasi. Akamweleza yote. Nikodemu aliweka kalamu chini.

"Umemchoma kasuku?"

"Ndiyo, bwana."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna."

Nikodemu alivua miwani, akajisugua macho. Hakuwa mtu mbaya. "Fulgensi, ile dawa ni ugonjwa wenyewe, umepunguzwa nguvu. Kuku mzima anaumudu, anaubwaga chini, kesho ukija ule mkubwa anaujua. Hata kuku, wapo wanaopooza miguu. Sasa kasuku! Hata mimi sijui kasuku anafanywaje. Hakuna karatasi inayosema."

"Sasa nifanye nini? Wanamsingizia mwanamke wa watu."

"Nyamaza."

Fulgensi alidhani hakusikia vizuri.

"Nyamaza," alirudia Nikodemu. "Kideri kimefika Mkula. Juzi nimetoka huko, watu wanazika kuku kwa matenga. Una nyumba mia ambazo hazijachanjwa, na dawa inakuja wiki ijayo. Ukitoka ukasema sindano yako imemlemaza ndege, nani ataleta kuku wake? Kasuku mmoja, Fulgensi! Na maneno ya wanawake yatapoa yenyewe."

Njia nzima kurudi, Fulgensi alijaribu kuyaona maneno ya mkubwa wake kuwa kweli, na ubaya wake ni kwamba yalikuwa kweli. Alishuka kwenye baiskeli akaikokota. Alipofika karibu na nyumbani, alimkuta Natalia amesimama njiani akimngoja.

"Shemeji, wewe unajua maradhi ya ndege," alisema. Macho yalikuwa yamevimba. "Umemshika yule kasuku kila siku. Niambie, ile ni sumu?"

Fulgensi alitazama gurudumu la baiskeli. "Siwezi kusema, shemeji."

"Huwezi kusema." Natalia alirudi nyuma hatua moja kama aliyesukumwa. "Basi hata wewe unaamini."

Akageuka akaenda zake. Fulgensi alibaki pale, na baadaye alikuwa akisema kwamba katika mambo yote, sindano, kimya, kigoda, hakuna lililomtia aibu kama maneno yale matatu aliyomjibu Natalia.

Nyumbani alimwambia Rosa kila kitu. Rosa alikuwa anachambua kisamvu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imesimama.

"Mama ameacha kula kwa ajili ya ndege yule," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nakuomba umfikishie wewe. Mimi na mama, unajua desturi. Neno kama hili linapita kwako."

"Neno la mahari lilipita kwangu. La ugonjwa lilipita kwangu, la sherehe lilipita kwangu. Hili hapana." Rosa alirudi kwenye kisamvu chake. "Uliketi juu ya kigoda chake, Fulgensi. Ulisifiwa nikasikia. Sindano ulishika wewe. Na haya kayabebe wewe."

Basi akaenda, saa tisa za mchana, bila kofia. Theodosia alikuwa barazani, ungo magotini. Karani alikuwa hai bado, jicho moja limefumba. Fulgensi hakukalia kigoda. Alichutama pembeni ya baraza, ubavu kwake, kama desturi ilivyotaka, na ilimsaidia kwamba hakupaswa kumtazama.

"Mama, Natalia hakumtilia Karani kitu."

Theodosia alimfukuzia Karani nzi.

"Ni sindano. Ni ile niliyomchoma mimi. Ile dawa ni ugonjwa uliopunguzwa, kuku anauweza, Karani hakuuweza. Niliijua shingo ile siku ya kwanza nilipokuja."

Theodosia alikuwa akimpapasa ndege kichwani kwa kidole kimoja. Kidole kikasimama.

"Siku ile uwanjani ulijua?"

"Sikujua, mama. Sikujua, nikafanya kama ninayejua. Niliona haya mbele yako."

"Haya mbele yangu," alisema Theodosia polepole. Ng'ambo ya mashamba mtu alikuwa akipura mpunga, na mapigo yalifika hapo barazani moja moja. "Na mimi nilikusukuma. Watu walicheka, nikapenda wacheke. Lakini siku kumi na mbili, mkwe! Siku kumi na mbili umekaa hapa ukiniacha nimtukane mwanamke yule moyoni, hata kanisani. Umenilisha dhambi kama unavyomlisha huyu uji."

Fulgensi alinyoosha mkono amgeuze Karani ubavu, Theodosia akausogeza ungo.

"Nenda zako. Usije kesho."

Karani alikufa siku nne baadaye, Ijumaa, akiwa ndani ya ungo uleule. Theodosia alimzika nyuma ya nyumba, hakumwita mtu. Jumatatu wanawake walimwona akipita na kisu chake cha kuvunia, peke yake, kuelekea shamba la Natalia. Radhi hakuomba kwa mdomo. Hakuwa mtu wa namna hiyo. Aliingia katika mstari uliobaki akaanza kukata. Natalia alimtazama kutoka upande wa pili wa shamba, akainama, akaendelea na kazi yake. Walivuna hivyo mpaka adhuhuri bila neno. Kesho yake walitokea wanawake wanane. Lakini mpunga mwingi ulikuwa umekwisha kupukutika, na mwaka ule Natalia alinunua mchele kabla ya mvua.

Habari, kama unavyojua, hazina miguu lakini zinatembea. Wiki iliyofuata dawa ilikuja. Fulgensi alipeleka sanduku lake uwanjani, na watu aliowatarajia kujaza uwanja hawakufika hata ishirini. "Sindano inapoozesha," walisema. "Amemuua kasuku wa mkwe wake mwenyewe, atakosa kuua kuku wangu?" Akaamua kwenda nyumba kwa nyumba. Kila mlangoni aliwaambia yote: kwamba kuku anaweza kuacha kutaga wiki mbili tatu, kwamba mmoja mmoja hulemaa, kwamba kideri hakimbakizi hata mmoja. Alipoulizwa kuhusu bata alisema sijui, na kuhusu njiwa alisema sijui. Wengine walimshukuru wakakataa. Wengine walifunga mlango tu.

Kwa Natalia alifika mchana. Kuku wake kumi na wanne hawakuchanjwa mara ya kwanza, kwa sababu siku ile alikuwa shambani kwenye dungu akiamia ndege wasile mpunga.

"Shemeji," alisema Natalia, "umenisafisha jina. Nakushukuru. Lakini kuku wangu usiwaguse."

"Kideri kiko karibu. Wiki mbili hizi kitafika."

"Naogopa. Ulipotakiwa kusema hukusema, na sasa unasema, nitajuaje hii ndiyo kweli?"

Alimsihi mpaka akaona anamkera. Akaondoka. Njiani alipita mbele ya nyumba ya Theodosia, akasalimu kwa mbali, naye akajibu "Marahaba" tupu, bila lile neno "mkwe" nyuma yake. Iliendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Kigoda hakikutoka tena.

Kideri kilifika mwezi wa nane, pamoja na vumbi. Kilianzia nyumba za karibu na barabara, kikaja mpaka Lipangalala. Ua mmoja kuku wanatembea, ua wa jirani wamelala chali. Kuku kumi na mmoja wa Theodosia hawakuugua hata mmoja, na jogoo wa Kasmiri aliwika kila asubuhi katikati ya kimya cha mtaa. Sasa watu walikimbilia sindano, lakini kuku aliyekwisha kukoroma hachanjwi, na Fulgensi aliwarudisha wengi na matenga yao. Bwana Nikodemu alikuja, akakagua, akahesabu, akampa barua ya onyo kwa kosa la kuchoma ndege asiyeruhusiwa. Kosa la pili, la kusema, hakuliandika. Alilisema tu wakiwa wawili: "Nilikuambia." Fulgensi akaikunja barua akaitia mfukoni.

Siku ya tano ya ugonjwa alikwenda kwa Natalia na jembe. Kuku wote kumi na wanne walikuwa wamekufa, Natalia amewapanga mstari chini ya ukuta kama aliyekusudia kuwahesabu tena. Teofili alikuwa ametumwa kwa shangazi yake asione.

Fulgensi alivua shati akaanza kuchimba nyuma ya choo, mahali penye udongo laini. Natalia alikuja akasimama, mikono imefungwa kifuani.

"Ungenyamaza," alisema, "ningewaleta uwanjani ile mara ya pili. Kuku wangu wangekuwa hai."

"Ndiyo."

"Na mimi ningekuwa mtia sumu mpaka kufa kwangu."

"Ndiyo, shemeji."

Alingoja kama kwamba Fulgensi ana jambo la kuongeza. Hakuwa nalo. Alikuwa amelitafuta miezi miwili, barabarani na kitandani, na alijua sasa kwamba halipo.

"Chimba kirefu basi," alisema Natalia. "Mbwa wa mtaa huu wanafukua."

Akaenda kuwaleta kuku, wawili wawili, akiwashika miguu, naye Fulgensi akashuka ndani ya shimo mpaka magotini akaendelea kuchimba.